Jenereta Juu, Mtu Chini

Kazi yetu ilikuwa kuosha hazani. Ndivyo Waarabu wanavyoliita tangi la maji lililochimbwa chini ya jengo, nasi tukalichukua neno hilo kama tulivyochukua mengine. Hazani ina mdomo mmoja tu, tundu la mraba sakafuni ambalo mtu mnene hulipita kwa kujiminya, na ngazi ya chuma inayoshuka gizani. Mtu mmoja anashuka na brashi, ndoo na dawa ya klorini. Mwingine anabaki juu, ameshika kamba iliyofungwa kiunoni mwa aliyeshuka, huku akiangalia jenereta inayoendesha feni ya kumpulizia hewa na taa ya kumwangazia. Mtu wa juu nilikuwa mimi.

Nafasi hiyo niliitafuta mwenyewe. Nyumbani Nakuru niliendesha bodaboda miaka sita, na nilipofika Riyadh nilimwambia kila aliyetaka kunisikiliza kwamba mimi ni fundi wa injini ndogo. Kubadilisha plagi na kusafisha kabureta nilijua kweli. Mengine nilijaza kwa mdomo. Mwenzangu alikuwa mtu wa Bungoma, mwembamba, mpole, na hata sufuria ya umeme ilimtia wasiwasi. Tulikaa chumba kimoja pale Batha mwaka mmoja na nusu, kitanda changu chini, chake juu. Siku ya kwanza ya kazi alilitazama lile tundu, akaitazama injini, akasema, "Buda, wewe kaa na hiyo mashine. Mimi matope nayajua."

Tulikuwa na lugha yetu ya kamba. Nikivuta mara moja, anajibu mara moja: yuko sawa. Akivuta mara mbili, anataka ndoo ipandishwe. Akivuta mara tatu, anataka kutoka. Hatukuwahi kuitumia ile ya mara tatu.

Kazi ya Jeddah ilikuja wakati jenereta yetu ya zamani imekufa kabisa. Msimamizi, ambaye sisi tulimwita mudiri ingawa naye alikuwa na wakubwa wake, alinunua nyingine pale pale Batha, mtumba lakini imepakwa rangi upya. Tuliijaribu uani kwa saa nzima ikiendesha feni na taa. Ilinguruma bila kukohoa hata mara moja. Nilimpigia mudiri saluti, naye akacheka.

Shida ilikuja tulipoipakia kwenye pikapu. Ilikaa kwa kuinama kidogo, na petroli ikaanza kuchuruzika kwenye kifuniko cha tangi lake. Safari ya Riyadh hadi Jeddah ni ya siku nzima, nasi wawili tulikuwa tunakaa nyuma ya kiti cha mudiri, dirisha moja halifungi. Mwenzangu alisema harufu ile itamtapisha kabla hatujatoka mjini. Nikamwambia asijali. Hakuna Mkenya aliyewahi kubeba mafuta ya taa kwa mtungi asiyejua dawa ya mtungi unaovuja: unachana karatasi ya nailoni, unaitandaza mdomoni, ndipo unakaza kifuniko juu yake. Nyumbani karatasi hizo zimepigwa marufuku, lakini Riyadh hata ndizi moja unafungiwa. Nikachana kipande, nikatandaza, nikakaza. Halikutoka tone. Mwenzangu akanusa, akaniinulia kidole gumba.

Tulilala Jeddah, mtaa wa Karantina, kwa mtu wa nyumbani aliyetupisha sakafu, na asubuhi mudiri akatupitia. Jengo lilikuwa la ghorofa nne, linakarabatiwa, umeme umekatwa. Wapangaji walikuwa wanarudi, na lori la maji lingefika baada ya alasiri kujaza hazani. Mudiri aliisema habari ya lori hilo kabla hajatusalimia. Joto la Jeddah silo la Riyadh. Riyadh linakukausha, Jeddah linakulowesha, na kabla hatujashusha hata ndoo mashati yalikuwa yametuganda mgongoni.

Niliiweka jenereta nje kwenye kijia, mbali na tundu, ili moshi wake usivutwe na feni ukamfuata mtu chini. Zilikuwa hatua kama ishirini. Nazitaja kwa sababu siku hiyo nilizikimbia mara nyingi. Niliifunua, nikatazama petroli, nikairudisha nailoni yangu pale pale maana kijia kilikuwa na mteremko, nikawasha. Ule mpira mnene wa turubai unaopeleka hewa ukavimba. Mwenzangu akafunga kamba, akajipiga ishara ya msalaba kwa haraka ili mudiri asimwone, akashuka.

Baada ya dakika kama kumi sauti ya injini ilibadilika. Ikawa nyembamba, ikapanda, ikashuka, ikanyamaza. Mpira wa turubai ukanywea sakafuni.

"Nini hiyo?" sauti yake ikaja kutoka chini.

"Imezima tu. Toka kwanza."

Akapanda. Nikakimbia nje, nikafungua kifuniko, petroli imejaa. Nikairudisha nailoni, nikafunga. Nikachomoa plagi, nikaipangusa kwa suruali, nikaikaza tena. Nikavuta uzi wa kuwashia mara moja tu, ikaitika. "Ni plagi," nilitangaza, na nakumbuka jinsi nilivyolisema neno hilo, kifua mbele, kama daktari anayemtoa mtu wasiwasi.

Akashuka. Dakika kumi nyingine, sauti ile ile nyembamba. Nilivuta choki, ikajikaza kidogo, nikapata matumaini, kisha ikafa mkononi mwangu. Safari hii alipanda polepole zaidi, macho mekundu kwa klorini. Alikaa ukingoni mwa tundu, miguu ikining'inia ndani, akikohoa.

"Hiyo kitu iko na shida gani kwani?"

"Vumbi la njiani," nikasema. "Limeingia."

Nilifungua chujio la hewa, nikalikung'uta. Nikafungua kifuniko tena kuangalia petroli, nikafunga tena, na nailoni yangu ndani. Nikampigia mwenzetu mmoja aliyekuwa mlinzi wa duka kule Sulimaniyah, Riyadh, ambaye zamani alikuwa fundi wa pampu za maji. Hakupokea, akiwa zamu simu inakaa mfukoni. Nikamwachia ujumbe wa sauti: inawaka vizuri, inakaa dakika kumi, inazima, nikiigusagusa inawaka tena. Baada ya muda akajibu kwa kunong'ona, bila shaka amejificha nyuma ya mlango: "Angalia kabureta, braza. Hiyo ni petroli haifiki."

Nilifungua kabureta kijiani, jasho likidondokea ndani ya bakuli lake. Nilitafuta uchafu kama mtu anayetafuta pete. Hapakuwa na kitu. Lilikuwa safi kuliko sahani yangu ya chakula. Hapo ndipo mtu mwaminifu angesema sijui. Angesema, mudiri, tuiache ingurume nusu saa bila mtu chini, tuone. Lakini mudiri alikuwa amesimama juu yangu na simu sikioni, akimwambia mwenye lori kwamba kazi inakwisha, akinionyesha saa yake kwa kidole. "Yalla, yalla. Halas?"

"Halas," nikajibu, tayari. Nikafunga kila kitu, nikavuta uzi, ikaitika mara ya kwanza.

Mwenzangu alikuwa amekuja mlangoni. Aliisikiliza injini, ambayo hakuielewa, kisha akanitazama mimi.

"Uko sure?"

"Niko sure."

Sikuwa na uhakika wowote. Nilimwambia hivyo kwa sababu nilikuwa nimekuwa fundi kwa mwaka mmoja na nusu na sikutaka kuacha kuwa fundi mbele ya mudiri. Sababu nyingine sina, na nimeitafuta.

Akashuka mara ya tatu. Sehemu iliyobaki ilikuwa nyuma ya nguzo, pembe ya mbali kabisa, penye tope zito. Nilimsikia akimwaga dawa. Nilivuta kamba, akajibu. Nikavuta tena baada ya dakika mbili, akajibu. Nilikuwa nimesimama mlangoni katikati, sikio moja nje kwenye injini na mkono kwenye kamba, nikihesabu moyoni. Nilipofika karibu na dakika kumi, mwili wangu ulijua kabla ya masikio.

Sauti ikawa nyembamba.

Nilivuta kamba mara tatu kumwambia atoke. Injini ikanyamaza. Mwanga uliokuwa ukitoka tunduni ukazimika. Nikavuta tena. Kamba ilikuwa nzito, haikuwa na mtu upande wa pili, namaanisha haikuwa na jibu. Nilimwita kwa jina. Sauti yangu ilizunguka mle ndani ikarudi. Kisha nikasikia kikohozi, kidogo, halafu kitu kama ndoo kuanguka.

Nilipiga kelele ambayo sikujua ninayo. Mudiri akatoka kwenye pikapu yake mbio, ghutra, kile kitambaa chake cha kichwani, mkononi. Nikamtupia kamba, nikamwambia kwa Kiswahili, maana Kiarabu chote kilikuwa kimenitoka, "Shika! Usiachie! Shika!" Akashika.

Hatua ishirini. Nilifungua kifuniko, kwa mazoea tu, kwa sababu ndicho nilichokuwa nikifanya kwanza kila mara. Nailoni haikutaka kutoka. Ilikuwa imefyonzwa ndani, imebonyea mdomoni mwa tangi, imekaza. Nilipoichomoa ikatoa sauti, fyuu, na ikanibaki kidoleni. Sikuwa na wakati wa kuitandaza tena. Nilikitupia kifuniko juu, nikakizungusha nusu, nikavuta uzi. Mara moja, hapana. Mara ya pili, ikaitika. Nikaona mpira ukivimba kuelekea ndani, nikakimbia ubavuni mwake.

Mudiri alikuwa amekaa sakafuni, viatu vyake vizuri vimekanyaga ukingo wa tundu, anavuta huku akisema "Ya Rabb, ya Rabb." Nikashika nyuma yake. Tulivuta kitu kizito kinachokwama, kinaachia, kinakwama. Taa ilikuwa imewaka tena mle ndani, na nikamwona mwenzangu chini ya ngazi, amepiga magoti majini, kichwa kimelala begani. Nililala kifudifudi, nikaingiza kichwa ndani, nikamwambia ashike ngazi. Nilimtukana. Nilimtukana kwa Kiswahili na kwa Kikikuyu, matusi ambayo huwezi kumtukana mtu unayelala naye chumba kimoja, na mkono wake ukainuka ukashika chuma.

Tulimtoa. Alitapika kijiani hadi hakikubaki kitu, kisha akalala chali kwenye kivuli, kifua kikipanda na kushuka. Mudiri alimmwagia maji ya chupa usoni, akampepea kwa ghutra, akataka kumpeleka hospitali. Mwenzangu alikataa kwa mkono. Mudiri alisimama, akampigia mwenye lori, akasema "bukra", kesho, na hakugombana naye. Viganja vyake vilikuwa vimechunwa na kamba.

Nilikaa kando ya mwenzangu nikimtazama akipumua. Sijui tulikaa muda gani. Adhana ya adhuhuri ikatoka, ikaisha. Mudiri akaenda kusali, akarudi. Na hapo ndipo nilipoisikia. Jenereta ilikuwa bado inanguruma. Hakuna aliyeikumbuka. Ilikuwa imekaa peke yake zaidi ya nusu saa, haikukohoa wala kubadilisha sauti.

Niliinuka, nikaenda kusimama mbele yake. Juu ya kifuniko, katikati, palikuwa na kitundu kidogo kama cha sindano. Petroli ikishuka, hewa inaingia hapo kuchukua nafasi yake. Kifuniko cha pikipiki yangu kilikuwa na kitundu hicho hicho. Nilikiona kila siku kwa miaka sita. Mimi ndiye niliyekiziba Riyadh, na asubuhi ile Jeddah nilikiziba mara tatu kwa mikono yangu, kila mara nikifungua na kuingiza hewa bila kujua, kila mara nikidhani ni ufundi wangu ulioifufua. Nailoni ilikuwa chini kwenye mchanga. Niliiokota, nikaitia mfukoni haraka, nikageuka kuona kama kuna aliyeniona. Niliona haya hata kabla ya kugeuka.

"Kwais," mudiri akasema, akiipigapiga jenereta. Nzuri sasa.

Mwenzangu alifungua macho. "Hiyo mashine ilitaka kuniua," akasema.

"Ndiyo," nikajibu.

Jioni ile Karantina watu wa nyumbani walikuja kumpa pole. Kila mmoja alikuwa na lake la kusema juu ya mitumba, juu ya rangi mpya inayoficha ubovu, nami niliwaitikia. Mmoja alimsifu Mungu kwamba alikuwa na rafiki fundi pale juu. Mwenzangu akasema amina. Nilitoka nikaenda kukaa ngazini. Yule wa Sulimaniyah alikuwa ameniachia ujumbe mwingine alipotoka zamu, sauti kamili sasa, akiniambia nichunguze kifuniko cha tangi kama kinapitisha hewa. Niliufuta.

Asubuhi tulikula ful, yale maharage ya kupondwa, na mkate wa tamis, tumechuchumaa nje, kabla mudiri hajafika. Mwenzangu alikuwa anakula vizuri. Nadhani ndiko kule kula kulikonishinda, jinsi alivyoumega mkate na kunisogezea kipande kikubwa.

"Jenereta haikuwa na shida," nikasema. "Ni ile nailoni niliyoweka. Iliziba hewa. Kila ikizima nilikuwa nairudisha mimi mwenyewe."

Aliendelea kutafuna.

"Na uliponiuliza kama niko na uhakika, sikuwa nao."

Alimeza. Akanywa chai yake hadi mwisho, akakung'uta majani kikombeni. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane, nilikuwa nimeacha nafasi. Alipangusa vidole kwa gazeti, akasema bila kunitazama, "Leo utashuka wewe."

"Sawa."

Kwenye jengo nilijaza petroli hadi mdomoni, nikafunga kifuniko mbele yake, bila chochote chini yake. Nilimwonyesha choki, uzi, na swichi ya kuzimia. Alitazama kila kimoja, akagusa swichi kwa ncha ya kidole. Mudiri aliuliza kwa nini tumebadilishana, nikamwambia mwenzangu bado kichwa kinamuuma. Nikafunga kamba kiunoni. Mwenzangu ndiye aliyekaza fundo, akalijaribu mara mbili.

Sikuwahi kushuka. Mwaka mmoja na nusu nimesimama juu ya lile tundu na sikujua kwamba chini kuna baridi, wala kwamba mtu akishavuka nguzo haoni tena mdomo wa hazani. Unabaki na taa, na ule upepo mwembamba wa feni usoni, na mngurumo kwa mbali unaoupata zaidi miguuni kuliko masikioni. Nilianza kusugua pale alipoachia. Brashi yake ilikuwa pale pale, imesimama kwenye tope. Nikamwaga dawa, ikanikaba koo, nikaugeuzia upepo uso wangu. Kamba ikavutwa mara moja. Nikajibu mara moja.

Kisha taa ikazimika.

Haikuwa na ile sauti nyembamba. Ilikatika mara moja, kama mlango uliofungwa. Upepo usoni ukaisha. Nilisimama bila kusogea, nikijiambia atawasha sasa hivi. Giza lile halina umbo. Nilivuta kamba mara tatu. Hakujibu, lakini haikuwa imelegea. Upande wa pili palikuwa na mkono ulioishika. Nikavuta tena. Klorini ilianza kupanda, macho yakawaka, nikaanza kukohoa, na nikamwita kwa jina, na sauti yangu ikazunguka mle ndani. Nilihesabu. Sijui nilifika ngapi, maana hesabu iligeuka kuwa jina la mama yangu.

Injini ikanguruma. Taa ikawaka. Upepo ukarudi usoni, nami nikaushika kwa mdomo wazi.

Nilimaliza ile pembe. Nilipandisha ndoo zote. Nilipotoa kichwa tunduni alikuwa amechuchumaa ukingoni, kamba imezungushwa mkononi mwake mara nyingi, macho mekundu kama yangu ingawa yeye hakuwa amegusa dawa. Akanipa mkono akanivuta juu.

"Ilizima?" nikauliza.

"Niliizima nikaongeza petroli," akasema.

Mtungi wa petroli ulikuwa kwenye pikapu ya mudiri, na mudiri alikuwa ameondoka nayo kwenda kuleta lori la maji. Nikamwambia asante.